Spika ya Ng'ambo ya Barabara

Ijumaa ile wanaume walimaliza kusali, wakatoa salamu kulia na kushoto, wakavaa viatu, wakatoka nje kununua machungwa, na wanawake walikuwa bado wamesujudu.

Si kwamba walizidiwa na uchaji. Walikuwa wanasubiri takbira. Chumba chao kilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya saluni ya Célestine, na sauti ya imamu iliwafikia kwa spika iliyotundikwa ukutani. Imamu aliposema Allahu akbar ya kwenda chini, spika ikaitoa vizuri tu. Ya kuinuka haikuitoa. Ilikuwa imenyamaza, kama ilivyonyamaza karibu kila Ijumaa, ila safari hii ilichagua mahali pabaya pa kunyamazia. Kila mwanamke akabaki na paji la uso kwenye mkeka, akijiambia kwamba leo imamu kaamua kuomba dua ndefu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua kichwa, wenzake wamwone hana subira mbele ya Mungu.

Aliyewaokoa alikuwa Mkatoliki. Célestine, msusi wa Lubumbashi mwenye nyumba ile, aliwaona wanaume wanamenya machungwa barabarani, akazunguka nyuma, akachungulia dirishani, akaona migongo tu. Akarudi saluni kumalizia kichwa cha mteja. Alipozunguka tena migongo ilikuwa palepale, akabisha hodi.

"Ba mama, mutanisamehe," alisema. "Bwana zenu bote bameisha kutoka. Banakula machungwa."

Habari ilivuka barabara kabla wanawake hawajafunga viatu. Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja tu hakucheka, naye ni Seif, kwa sababu spika ile aliifunga yeye.

Seif ni mtu wa Tanga. Ana kibanda cha kutengeneza simu kule Rosettenville, Johannesburg, na siku za mapumziko anapanda mapaa ya watu Bellevue kuwafungia madishi, kamera na waifai. Kazi hii alijifunza kwa video za Mhindi mmoja anayezungumza haraka, na kwa kuharibu vitu vya wateja wavumilivu. Si fundi mbaya. Ana kasoro moja tu: akiambiwa jambo la kipuuzi na mtu mwenye cheo, analifanya kwa ustadi mkubwa.

Kabla ya hapo walijaribu waya, ukashindikana. Msikiti wenyewe ni nyumba ya zamani ya bati waliyoikodi Watanzania, sebule na vyumba vimebomolewa kuta vikawa ukumbi mmoja, na ukumbi ukijaa wanaume hakuna mahali pa mwanamke kuweka hata kandambili. Ndipo Bi Zabibu, mama mkwe wa Seif, alipokwenda kwa Célestine akakikodi kile chumba cha nyuma, na wanawake wakakipaka rangi wenyewe. Kamati ilikubali, kwa kuwa haikuulizwa. Sauti ikapelekwa kwa waya juu ya barabara. Sasa, Johannesburg, waya wa shaba ukining'inia juu ya barabara ni zawadi imefungwa utepe. Wa kwanza uliondoka kabla hata haujazoea jua. Wa pili uliondoka na vyuma vyake vya ukutani.

Kwa hiyo Seif akaja na daraja. Daraja la mafundi wa mtandao halina nguzo wala zege. Ni visahani viwili vyeupe, kimoja juu ya bati la msikiti, kingine juu ya bati la Célestine, vinatazamana na kurushiana mtandao hewani. Kilichokuwa upande wa pili kinakuwa kama kipo upande huu. Hakuna cha kuiba ila visahani vyenyewe, na wezi wa Bellevue walikuwa bado hawajapata soko lake.

Mwanzoni lilifanya kazi bila kukatika. Spika ile ilikuwa ya kisasa, ina kipaza sauti chake, kusudi wanawake waweze kuuliza maswali baada ya darasa na wanaume wayasikie msikitini. Swali la kwanza kuulizwa ndilo lililokuwa la mwisho. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Luqman, mfanyabiashara wa mablanketi, alikuwa ametoa darasa refu juu ya subira inayompasa mke. Alipomaliza, spika za msikitini zikatoa kicheko cha watu wengi, halafu sauti ya Bi Zabibu, tulivu kabisa.

"Mwenyekiti, na ya mume utaifundisha lini? Tuje na chakula?"

Wanaume waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Bwana Luqman alimwita Seif pembeni baada ya sala, akamweleza kwamba jambo hili si la heshima, sauti za wanawake zinamwagika msikitini kama maji ya bomba bovu, na watoto wao pia wanalia humohumo. Akatoa amri fupi: spika ile isikie tu, isiseme.

Seif alitekeleza kwa ustadi mkubwa. Alizima kipaza sauti. Kisha, kwa kuwa anapenda kazi iliyokamilika, akaingia kwenye mipangilio ya kisahani cha kwa Célestine akaifungia spika njia yote ya kurudi. Chochote ambacho spika ingejaribu kukituma kuelekea msikitini kingetupwa palepale, kiwe sauti, kiwe kikohozi, kiwe ripoti ya afya yake. Aliiachia ruhusa moja tu: inapowashwa, itaje jina lake mara moja na kuomba anwani, maana bila hivyo haifanyi kazi kabisa. Alishuka kwenye ngazi akiwa ameridhika, akampigia simu mwenyekiti kumwambia kwamba upande ule sasa umekuwa kimya kama kaburi.

Na tangu wiki ile sauti ikaanza kukatika. Seif hakuunganisha mambo hayo mawili. Mtu hapendi kuunganisha ugonjwa na dawa aliyoitoa mwenyewe.

Alitafuta sababu kwingine, na sababu Johannesburg hazikosekani. Alisema ni radi za mchana. Alisema ni ndege hadeda, wale wenye midomo kama koleo, wanaotua juu ya kisahani na kupiga kelele. Alikata matawi ya mti wa Célestine. Halafu akasema ni mashine za kukaushia nywele, akamtaka Célestine asizitumie Ijumaa mchana, ndiyo saa wateja wake wanapojipanga. Célestine alimwangalia, akamwuliza kama msikitini pia wamezima feni, akaziwasha zote.

Kibaya zaidi, kila Seif alipokwenda kuiangalia, spika ilipona. Alikuwa anachomoa plagi, anachomeka, anaketi chini yake na kusikiliza Kurani ikitoka safi, anatingisha kichwa na kuondoka. Wanawake nao walijifunza hila hiyo. Sauti ikikatika katikati ya hotuba, mmoja anainuka, anachomoa, anachomeka, wanaendelea. Ila ikikatika mmesujudu, nani ainuke akachomoe?

Kamati ilikutana Jumapili, kwa chai na sambusa zilizopikwa na wanawake. Ilisikitishwa sana na aibu iliyowapata akina mama. Ilisikitishwa kiasi kwamba iliona dawa ni kuwaondoa. Bwana Luqman alieleza kwamba Ramadhani inakaribia, tarawehe ni rakaa nyingi, na mtambo huu ukiwaacha wanawake wamesujudu usiku, daku itawakuta palepale. Kwa kulinda heshima yao, Ijumaa ijayo iwe ya mwisho ya majaribio. Spika ikikatika tena, ufunguo unarudishwa kwa Célestine na akina mama watasali majumbani, ambako thawabu zipo vilevile. Mjumbe mmoja aliuliza chumba kitakuwa cha nini. Bwana Luqman akasema hilo hajalifikiria, ingawa kwa bahati tu alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mablanketi ya majira ya baridi.

Walimchagua Seif awe wa kupeleka habari, kwa sababu ni mkwe. Mkwe hatukanwi.

Alikwenda Alhamisi, siku ambayo wanawake husafisha chumba, amebeba ngazi begani na kompyuta yake ya mkononi kwenye mfuko. Bi Zabibu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha. Ni mwanamke mnene wa Pangani, mkavu wa maneno, na macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli vya watu, sura haoni tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja kutengeneza au kutufukuza?"

Seif akatua ngazi. Wapishi wa sambusa wana masikio. Alijaribu kueleza habari ya majaribio, heshima, thawabu, akajisikia anazungumza kama mwenyekiti, akaacha katikati. Bi Zabibu alimsubiri amalize kuacha.

Kisha akamweleza, bila kupandisha sauti, chumba kile ni kitu gani. Wanaume wana msikiti, wana vijiwe, wana magari ya kukutania. Mwanamke aliyeletwa mji huu na mumewe ana chumba kimoja na mlango wa chuma. Mwaka jana Samira, anayeishi Diepsloot nyuma ya spaza, kiduka cha mumewe, hakuonekana Ijumaa moja, halafu hakuonekana na ya pili. Wanawake wakachanga nauli wakamfuata. Walimkuta na homa ya uzazi, mume yupo dukani anauza mkate, anadhani ni uchovu. Wakambeba hospitali kwa bakkie, pikapu ya jirani.

"Leo anadeki pale," alisema Bi Zabibu. "Tungekuwa tunasalia majumbani, tungepewa habari ya maziko. Thawabu zingekuwepo vilevile."

Wanawake walikuwa wanaingia mmojammoja na ndoo na matambara, na kila aliyevuka kizingiti alipaza salamu na kutaja jina. Assalaam alaykum, Orpha amekuja, na huyo ni jirani Mkongo aliyekuja kusaidia tu, lakini naye alishaijua sheria. Ndiyo desturi ya chumba kile tangu macho ya Bi Zabibu yaanze kufifia. Anawashika wote kichwani kwa sauti zao, na akikaa muda bila kumsikia mtu, anamwulizia.

Fauzia, mke wa Seif, aliingia na mtoto mgongoni, akamwona mumewe na ngazi yake, akakunja uso. Walikuwa hawazungumzi tangu Jumapili, na kisa ni hiyohiyo kamati. Hakusalimu. Alipita, akaketi karibu na mlango, akaanza kukunja mikeka.

Mazungumzo yakaendelea, vumbi likapigwa, na baada ya kitambo Bi Zabibu akageuza uso huku na huku.

"Fauzia leo haji? Mtoto mzima?"

Fauzia alikuwa hatua chache tu mbele yake.

"Yupo, mama," Seif akasema. "Amekaa hapo mlangoni."

"Mimi asiyesema nitamjuaje kama yupo?"

Wanawake walicheka, Fauzia akaguna, akasema haya basi, nipo, na mambo yangekwisha hapo. Lakini Seif alikuwa amesimama mdomo wazi, anaitazama spika ukutani kama mtu aliyeona mdeni wake harusini. Alitoka bila kuaga. Akafungua kompyuta juu ya ngazi, akaingia kwenye kisahani cha msikitini, akatafuta mahali panapoonyesha kisahani kile kinawafahamu nani upande wa pili.

Kiliwafahamu wengi, maana saluni nayo ilitumia waifai ya daraja lile. Simu ya Célestine ilikuwepo. Televisheni ya saluni ilikuwepo. Simu ya mteja aliyekaa kwenye kiti cha kusukwa, ambaye hakuna mtu aliyemjua jina, ilikuwepo. Spika ya wanawake haikuwepo, na ilikuwa imewashwa tangu asubuhi.

Akamwomba Samira achomoe plagi na kuchomeka. Jina la spika likatokea. Seif akaketi kwenye ngazi akalikodolea macho. Aliletewa chai, akainywa. Kikombe kilipofika nusu, jina likafutika. Hakuna radi iliyopiga, hakuna hadeda aliyetua. Lilifutika hivihivi, kwa utulivu wa mtu anayefuta meza.

Sasa akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Kisahani kinamkumbuka aliye ng'ambo kwa kumsikia tu. Asiposikika kwa muda, kinamhesabu ameondoka, na anachotumiwa hakifikishwi tena. Simu za watu hazinyamazi hata zikiwa mfukoni, kila mara zinatuma kitu. Spika yeye aliifunga mdomo. Ilikuwa inajitaja mara moja ikiamka, halafu inaketi inasikiliza kwa adabu kama ilivyoamriwa, mpaka inasahauliwa.

Dawa yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu. Alifungua upenyo mdogo kwenye njia ya kurudi, spika iweze kutuma salamu tupu, isiyo na sauti, kila baada ya muda mfupi. Kama mtu anayegonga ukuta kusema nipo. Akasubiri. Akaomba kikombe kingine cha chai akakimaliza chote. Jina likabaki.

Mtu mwenye akili angeishia hapo na kwenda nyumbani kulala. Seif alikwenda kumweleza mwenyekiti.

Bwana Luqman alikuwa dukani kwake, amezungukwa na mablanketi yenye picha za simba na chui, tayari kwa baridi iliyokuwa bado mbali. Alisikiliza habari ya kisahani kinachosahau, akaguna mahali pa kuguna. Kilichomkera ni ule upenyo.

"Kwa hiyo kuna kitu kinatoka kule kinakuja kwetu," alisema.

"Salamu tu, mwenyekiti. Haina sauti. Hakuna atakayeisikia."

"Salamu ya nani kwa nani?"

"Ya spika kwa kisahani."

"Kutoka upande wa wanawake, kuja msikitini, mchana kutwa. Hata wakati wa sala?"

"Wakati wa sala hasa."

Bwana Luqman alikunja blanketi la simba polepole, akalilaza juu ya la chui. Akasema kamati iliamua isikie tu, na uamuzi wa kamati haubadilishwi dukani. Leo salamu, kesho maswali. Kama mtambo hauwezi kukaa kimya na kusikia kama mitambo ya watu wengine, basi tatizo ni la mtambo, na Ijumaa ndiyo kesho. Akamwagiza aende akafunge upenyo. Seif akasema sawa mwenyekiti. Alisema sawa kwa sababu mdomo wake umezoea, na njia nzima ya kurudi Bellevue, kwenye kila robot, taa ya barabarani, iliyowaka nyekundu, aliitukana hiyo sawa.

Alimkuta Bi Zabibu amebaki peke yake na Fauzia, wanafunga madirisha. Alieleza yote, pamoja na ile sehemu ya kwamba mdomo wa spika aliufunga yeye, kwa kuwa Fauzia alikuwa anamtazama na kuificha kungekuwa kazi zaidi. Fauzia alivuta hewa puani, ya kumtosha mtu kuzama nayo.

Kisha Seif akatoa pendekezo lake, nalo lilikuwa na werevu. Upenyo auache wazi, amwambie mwenyekiti umefungwa. Salamu haina sauti, hakuna wa kujua. Ijumaa itapita, Ramadhani itapita, chumba kitabaki.

Bi Zabibu akafunga dirisha la mwisho.

"Na siku wakijua?"

"Watafunga, nadhani."

"Na chumba?"

Seif akautazama ufunguo uliokuwa mlangoni.

"Kwa hiyo tutakuwa tumekaa humu kama wezi, mpaka siku ya kukamatwa. Hapana, mkwe. Kile kipaza sauti bado kipo humo ndani?"

"Kipo. Nilikizima tu."

"Kiwashe. Fungua njia yote."

"Mama, watanitoa kwenye kamati."

"Ala. Kumbe upo kwenye kamati? Mimi najua unawabebea ngazi."

Fauzia hapo alicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumapili, na pengine ndicho kilichoamua. Seif akapanda juu ya bati, akafungua kila alichokifunga.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi za mlangoni. Wamo madereva walioacha magari vibaya, wamo walinzi walioaga dakika chache kwa wakubwa wao, wamo wachuuzi walioachia bidhaa jirani na kumwomba Mungu jirani asiwavute wateja wao kwake. Wote hao walikuwa na ugomvi mmoja wa siri na imamu wao, Ustadhi Fahad. Ni kijana mwenye sauti nzuri, na anajua kwamba ni nzuri. Hotuba yake ni ndefu, na sura anazochagua ni ndefu kuliko hotuba. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nani alalamike kwamba Kurani imezidi?

Seif alikaa safu ya nyuma. Bwana Luqman alikaa ya mbele, amevaa kanzu mpya, saa yake akiiangalia kwa utulivu wa mtu anayesubiri kukatika kwa kitu. Wakati wa hotuba spika za msikitini zilitoa mlio hafifu mara mbili, kama mtu anasogeza mkeka, na watu wakageuka kutazama feni. Seif alitoka jasho, akajifanya na yeye anatazama feni.

Wakasimama kusali. Ustadhi Fahad alianza sura, na walioijua wakajua kwamba leo machungwa yatawasubiri. Alikuwa ameingia kwenye utamu wake, anavuta irabu moja hadi pumzi inakaribia kumwisha, mara kilio cha mtoto kikajaa ukumbi mzima.

Si kilio cha mbali. Kilitoka kwenye spika zote, juu ya vichwa vyao, na Seif alikijua kabla hakijamaliza kupanda. Ni cha mwanawe. Ndivyo anavyolia akitaka kunyonya na mama yake hawezi kumshika. Baada yake akaitikia mwingine, mkubwa kidogo, halafu wa tatu, na katikati ya vilio hivyo ikasikika mikufu ikigongana na mwanamke akipiga chafya.

Mabega ya safu ya mbele yalikakamaa. Ustadhi Fahad alisita kati ya aya na aya. Kwa kitambo hapakuwa na sauti msikitini ila ya wale watoto. Kisha akaifikisha sura mahali pazuri pa kukomea, akarukuu, akasujudu, akainuka, na rakaa ya pili akaisoma sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo anaijua. Ilikwisha kabla madereva hawajaamini. Safari hii ng'ambo ya barabara waliinuka kutoka kwenye sujudu pamoja na wengine wote, na salamu waliitoa pamoja.

Bwana Luqman alikuwa wa kwanza kusimama. Alimtafuta Seif kwa macho, akampata, akaanza kusema mbele ya wote kwamba kuna mtu amekiuka amri ya kamati, sala imeharibiwa kwa makelele, na chumba kile kinafungwa leo hii. Spika haikukatika, kweli, lakini hiki ni kibaya zaidi ya kukatika.

Ustadhi Fahad alikuwa bado ameketi. Ni kijana, na mbele ya mwenyekiti huwa anatafuta maneno. Leo hakuyatafuta.

"Mtume akisikia mtoto analia nyuma yake alifupisha sala, kwa ajili ya mama yake," alisema. "Mwenyekiti, mimi nasalisha hapa kila Ijumaa na sijawahi kumsikia hata mmoja. Nilidhani hawapo. Ulitaka niendelee kutosikia?"

Ukumbi ukaanza kunong'ona, na mnong'ono ule haukuwa wa elimu ya dini tu. Dereva mmoja aliangalia saa, akamwonyesha mwenzake. Mlinzi mmoja alisema kwa sauti kwamba hadithi hiyo ni sahihi kabisa, hata kwao Zanzibar inajulikana. Mchuuzi wa soksi akasema watoto ni baraka, na wakati anasema alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Watu ambao hawakuwahi kushika mtoto wao akilia waligundua, wote kwa pamoja, kwamba kilio cha mtoto msikitini ni suna ya kulindwa kwa nguvu zote.

Bwana Luqman aliwasikiliza. Ana kasoro zake, lakini kuhesabu vichwa anajua.

Jumapili kamati ilikutana tena, na sambusa zilikuwepo. Iliamua kwa kauli moja kwamba chumba kibaki, spika iseme na isikie, na kwamba jambo hili lilikuwa wazo la kamati tangu mwanzo, ila lilicheleweshwa na sababu za kiufundi. Mwenyekiti alisisitiza hizo sababu za kiufundi huku akimtazama Seif, na Seif akakubali kuwa sababu ya kiufundi. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kama mtoto wa Seif atakuwepo na Ijumaa ijayo.

Walimtuma yeye tena kupeleka habari. Akavuka barabara, bila ngazi leo, akamkuta Bi Zabibu mahali pake dirishani, akapaza salamu na kutaja jina lake kabla hajakanyaga kizingiti. Akasema kamati imewaruhusu wakae.

"Kwenye chumba chetu," alisema Bi Zabibu.

"Ndiyo, mama."

"Ambacho kodi yake tunalipa sisi."

"Ndiyo."

"Waambie tumesikia." Akageuzia uso upande ilikotundikwa spika. "Na sasa kwa kuwa njia ipo wazi, waambie na wao wa safu ya mbele wapunguze kukohoa. Ijumaa nzima tulikuwa tunasali na mafua ya mwenyekiti."